Karibu Kwetu, Mzee Manda

Shida ya Annonciata haikuwa majirani, ilikuwa macho ya majirani. Nyumba yake ilikaa kando ya njia ya kwenda bombani, na kwa kuwa kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, hunywa maji, kambi nzima ilipita mlangoni kwake. Watu walijua kama leo amepika sombe, yaani kisamvu, au maharage. Walijua ameanika nguo zipi na zipi zimetoboka. Akitoa cherehani nje apate mwanga, mtu alisimama na ndoo kichwani, akamtazama akikunja pindo mpaka mwisho, halafu akasema kwa upole kwamba hapo katikati limepinda. Fundi gani avumilie hayo?

Kwao Bukavu, huko Kongo, nyumba ya mama yake ilizungukwa na ua wa maua mazito ambao hata kuku hakuona upande wa pili. Huku Dzaleka yeye hakuwa na matofali, na mabati ndiyo usiseme. Alisimamisha uzio wa mabua ya mahindi, mchwa wakaula wakashiba. Ndipo akakata shauri apande mmea wa kutambaa. Ukipata mbegu nzuri, kamba na subira kidogo, ukuta unajijenga wenyewe nawe umelala.

Alikuwa na sababu nyingine, iliyo kubwa zaidi, nayo iliitwa Merveille. Mtoto huyo alikuwa na miaka mitano, na ndiye mtu pekee aliyembakia duniani. Fabien, baba wa mtoto, walipotezana naye njiani walipokimbia, na hakuna aliyeleta habari zake tena. Mwenye mtoto mmoja ni kama mwenye jicho moja, likiingia vumbi tu dunia imezimika. Annonciata alitaka uwanja uliofunikwa, mtoto achezee ndani, yeye ashone huku akimsikia.

Mbegu alizipata siku ya kawaida kabisa, jua kali, mchana kweupe. Alikuwa amepeleka sare za shule kwenye duka moja la senta ya jirani, akarudi kwa kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria. Kambi ilipoanza kuonekana ng'ambo ya mashamba ya tumbaku, mnyororo ukachomoka. Mwendeshaji akainama kuurudisha, na Annonciata akashuka kunyoosha miguu.

Pande zote nchi ilikuwa kipara. Miti yote ilikwishakatwa kuni zamani, isipokuwa kichaka kimoja kirefu, kizito, katikati ya shamba. Hakujiuliza kwa nini panga za watu wote zilikiruka kile. Yeye aliona mmea uliopanda mpaka vileleni ukashuka tena mpaka chini, maua ya zambarau, majani yamepangana kama pazia la kanisani. Chini yake yalining'inia maganda makavu ya mbegu. Yalikuwa yakigongana taratibu, na upepo haukuwepo.

"Kuno kwa ndani?" akauliza kwa Kichewa chake cha sokoni, yaani hapa ni kwa nani.

"Kumanda," akajibu mwendeshaji bila kuinua kichwa.

Sasa, mtu wa Bukavu husema natoka ku Mama Nella, naenda ku kazi, niko ku nyumba. Kwa sikio la Annonciata jibu lilikuwa wazi kuliko maji: ku Manda. Kwa mtu anayeitwa Manda. Mtu mwenye miti mingi, akawaza, na mwenye roho nzuri, maana hakuweka hata uzio.

Alikuwa amelelewa vizuri, huyu mama, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mwizi angechuma akakimbia. Yeye alisimama pembeni mwa kichaka akapiga hodi. Akangoja. Akapiga tena, "Hodi, Mzee Manda," na alipoona kimya akanyoosha mkono, akachuma maganda machache, akayafunga kwenye ncha ya kitenge.

"Zikomo, Mzee Manda," alisema, yaani asante. "Nimekamata kidogo tu. Na we siku moja ukuye kwetu ku Dzaleka. Karibu sana."

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, tunasema, na tunalisema kama jambo la kusifu. Alipogeuka, mwendeshaji alikuwa amekwishasimama, ametazama lile fundo la kitenge. Aliendesha kama anayefukuzwa, akamshusha mbali na nyumba yake, akakataa nauli. Annonciata alimwona akichuma majani kando ya njia, akakifuta kiti cha nyuma alichokuwa amekalia yeye, akakifuta tena, akaenda zake.

Alizipanda mbegu kwa ufundi wote aliofundishwa na mama yake. Alikwaruza kila moja kwa wembe, kwa sababu mbegu za kutambaa zina ngozi ngumu na bila jeraha maji hayaingii. Akaziloweka usiku mmoja katika kikombe cha maji ya uvuguvugu. Akajaza pakiti tupu za maziwa udongo na samadi ya mbuzi, akafukia moja moja, ili siku ya kuhamisha mizizi isisumbuliwe. Mbegu za aina hiyo hukawia, mtu hukata tamaa mara mbili kabla hazijachomoza. Hizi zilichomoza kabla hajaanza kungoja.

"Ulizitoa wapi?" aliuliza Nella, jirani yake Mrundi, aliyekuwa akija kila jioni kupiga soga.

"Ku Mzee Manda, kule ku ile miti mingi."

"Anauzisha?"

"Apana. Alinipa tu."

Nella akaomba chache, akazipanda kwake kwa namna ileile. Hazikuota. Alipozifukua kuziangalia, hakukuta hata ganda, udongo mtupu.

Za Annonciata zilikwea. Alikuwa amesimika nguzo na kuzifunga vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye kushona, vyekundu, vya buluu, vya maua, na mmea ukavishika kimoja baada ya kimoja. Kabla mvua za kwanza hazijanyesha, uwanja mzima ulikuwa umefunikwa. Hakuna jicho lililopenya. Annonciata alifurahi mno, akachukua kiti akakaa katikati ya uwanja wake akila muwa, hana anayemwona, akajisikia mwenye nyumba kwa mara ya kwanza tangu Bukavu.

Ilichukua muda kutambua kwamba watu wa njiani walikuwa wamenyamaza. Walikuja wakicheka, wakifika kwenye ua wake sauti zinakatika, wakiupita zinaanza tena. Alipomuuliza Nella, naye akashangaa. Hakujua kwamba hata yeye hunyamaza.

Kuku hawakuingia kivulini. Nyuki hawakugusa maua. Mchana wa jua la kupasua mawe, chini ya majani kulikuwa na baridi ya kufanya mtu atafute sweta. Na siku moja, akikagua kamba, aliona kati ya vitambaa vyake kipande cheupe, cha pamba nzito, cha kufumwa zamani. Kilikuwa kimefungwa kwa fundo ambalo yeye hafungi. Alikinusa. Kilinuka udongo wa chini, ule ambao jembe halifiki.

Akakifungua, akakitupa jalalani. Kesho yake vilikuwa viwili.

Merveille alikuwa ameupenda uwanja. Alishinda chini ya mmea tangu asubuhi, akinong'ona, na mama yake kutoka kwenye cherehani alimsikia na kutulia. Watoto huongea peke yao. Lakini mtoto alianza kukataa chakula. Bugali la mahindi, ambalo wenyeji huita nsima, alilisukuma pembeni, akasema ameshiba. Annonciata alipomfuta mdomo, kitambaa kilitoka na udongo mwekundu.

"Merveille, umekula nini?"

"Tate njo alinipa."

Tate ni babu, kwa Kiswahili cha Bukavu, na njo ni ndiye au ndiyo. Merveille hakuwahi kuwa na babu aliye hai.

"Tate gani?"

"Tate Manda. Iko anakaa pale." Akaonyesha pembeni, majani yalipokuwa mazito kuliko pengine. "We njo ulimwita."

Annonciata alimkamata mikono. Ilikuwa baridi, na jua lilikuwa utosini.

"Anasema yeye alikuya kwetu," mtoto akanong'ona, kama anayetoa siri nzuri. "Sasa sisi njo tutaenda kwake. Anasema mimi kwanza."

Usiku ule Annonciata alimlaza kifuani, na asubuhi hakujua la kufanya. Angemwambia nani? Mkimbizi akitamka neno uchawi, anayetafutwa wa kwanza ni yeye mwenyewe. Ilimpasa kwenda Lilongwe kuchukua uzi na zipu za sare, wateja walikuwa wakimdai kazi. Akamkabidhi mtoto kwa Nella, akamwambia asimwache kabisa aingie ule uwanja, akaondoka roho ikiwa imebaki nyuma.

Huko, kwenye soko la mtaa wa Chilinde, alikuwa na muuza vitambaa wake, Mayi Kadzuwa, Mmalawi mnene, mcheshi, aliyefanya biashara Mbeya miaka mingi na kurudi na Kiswahili cha huko. Mayi Kadzuwa alikuwa amemwomba mbegu za ule mmea, naye afunike ukuta wake. Annonciata, kwa mazoea ya adabu, alikuwa amezibeba. Akazimwaga kiganjani mwa mwenzake.

"Nzuri hizi. Umezitoa wapi?"

"Ku Mzee Manda. Ile miti mikubwa ku mashamba."

Mayi Kadzuwa aliacha kutabasamu. Aliinamisha kiganja taratibu, mbegu zikaanguka chini. Akajifuta mkono kwenye chitenje chake.

"Dada, manda si mtu."

"Ni nini?"

"Ni makaburi. Ile miti haikatwi, hata ukuni mmoja hauokotwi, kwa sababu ni ya waliolala. Kumanda ni makaburini. Mtoto mdogo wa huku anajua." Akashusha sauti, kwa maana soko lina masikio. "Ulichuma tu, au ulisema neno?"

"Nilisema zikomo."

"Basi?"

"Na karibu."

Mama yule mcheshi alimpungia mkono mteja aliyekuja kuuliza bei, aende zake. Kisha akasema kwamba kwa haki jambo hilo lingepelekwa kwa chifu na kwa wazee wanaozika, lakini mgeni aliyechuma makaburini ataitwa mfiti, yaani mchawi, kabla hajamaliza kujieleza. Basi afanye mwenyewe, na afanye leo.

"Usimfukuze. Ulimkaribisha, na mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi, anasindikizwa. Ung'oe kwa mikono, usitie chuma. Umbebe mpaka kwake, umshukuru kwa kukutembelea. Mtoto uende naye, kwa sababu ndiye aliyeitwa, na lazima aage mwenyewe. Mkishaaga, msigeuke nyuma." Akamshika mkono, akaukaza. "Na mtoto usimwachie mkono. Kwenda na kurudi. Ukimwachia kule, mwenye nyumba atajua kwamba mgeni wake amefika."

Annonciata alirudi Dzaleka alasiri, mawingu yamejaa. Nella alikuwa mlangoni kwake, anahema.

"Nilienda kutoa chungu motoni, ni hivyo tu," alisema. "Nimerudi, hayupo."

Merveille alikuwa uwanjani, amesimama wima chini ya majani. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na viatu vyake vya kanisani, amejifunga vifungo vyote mwenyewe, vya mgongoni pia.

"Tate anasema njo leo," alisema.

Annonciata hakubishana. Alikamata shina kwa mikono yote miwili, akavuta. Alijiandaa kwa kazi ya jasho, lakini mmea ulitoka wenyewe, kama kitu kilichokuwa kinangoja kuitwa. Majani yakateremka kutoka kwenye nguzo bila kuguswa. Mzizi ulikwenda chini ya ukuta. Aliufuata ndani ya nyumba, na ulitokea chini ya mkeka anaolalia Merveille. Nella, aliyekuwa akitazama, alifanya ishara ya msalaba akarudi kwake bila kuaga.

Alifunga kila kitu ndani ya shuka, akakitwika. Mzigo ulikuwa mwepesi mno. Akamshika mtoto mkono wa kuume, wakatoka kwa nyuma, wakakata shamba.

Manyunyu yalianza. Ardhi ikalainika. Hakuna mtu aliyepita njia ile, kwa kuwa wenyeji huikwepa. Merveille alitembea vizuri, akiruka madimbwi, viatu vyake vikichapa matope. Annonciata alikuwa akisali kimoyomoyo, na kila aliposahau neno alianza upya.

Wakafika.

"Mzee Manda," akasema. "Aksanti kututembelea. Tumekusindikiza."

"Kwaheri, Tate," akasema Merveille.

Ikabaki kutua mzigo. Akauinamisha kwa mkono mmoja. Haukushuka. Nyuzi za mmea zilikuwa zimepenya shuka, zimejisokota kwenye kilemba chake, kwenye nywele, zikazunguka shingo. Alivuta moja, nyingine ikakaza. Akavuta kwa nguvu. Pumzi ikawa fupi. Macho yakaingia giza. Mkono mmoja haukutosha.

Aliachia.

Ni kitambo kidogo tu. Mikono miwili, fundo moja, mzigo ukaanguka. Akatupa mkono wa kuume pembeni, akipapasa, na mkono mdogo ukaingia ndani ya wake.

Ulikuwa baridi. Lakini mvua ilikuwa inanyesha.

"Merveille?"

"Eeh, mama."

Akageuka kuelekea kambini, akatembea. Hakutazama nyuma. Hakutazama hata pembeni. Siku zote mtoto huyu, mwendo wa bombani tu, huomba kubebwa. Mama yake akasema, "Ukuye ku mgongo."

"Apana. Nitatembea."

Nyumbani alikula nsima yote, akaomba nyingine. Annonciata alilia kwa furaha. Alimkausha nywele, akamlaza, akakaa akimsikiliza anavyopumua hadi usingizi ukamshinda.

Asubuhi jua lilitoka safi. Alitaka kuviosha viatu vya kanisani, akavitafuta mlangoni, akavitafuta chini ya kitanda, hakuviona. Akafikiri vimenaswa kwenye matope. Alimwacha Merveille mezani na kikombe cha chai, akapita njia ile ya nyuma.

Nyayo za jana zilikuwa zimebaki kwenye matope, kila moja imeandikwa vizuri. Za kwenda ziliongozana: kandambili zake kubwa, na upande wa kuume viatu vidogo, vinavyoruka madimbwi. Za kurudi zilikuwa kandambili peke yake.

Alipiga magoti. Aliangalia upande wa kuume, akaangalia upande wa kushoto. Akajiambia kwamba mvua imefuta. Lakini mvua haichagui miguu ya kufuta. Akafuata nyayo za kwenda mpaka kwenye miti, na pale ambapo zake ziligeuka, zile ndogo hazikugeuka. Zilikuwa zimeingia ndani.

Akaita jina la mtoto wake, kwa sauti ya chini.

"Eeh, mama," ikajibu sauti kutoka kwenye miti, sauti iliyolia mpaka ikakauka.

"Eeh, mama," ikajibu nyingine nyuma yake, karibu sana.

Aligeuka. Merveille alikuwa amesimama katikati ya shamba la matope, na kikombe cha chai mkononi. Miguu yake ilikuwa mitupu, na ilikuwa misafi.

Kilichofuata pale hakuna aliyekiona. Nella anasema alimwona Annonciata akirudi shambani asubuhi ile kwa hatua ndogo ndogo, ameinama kidogo kwa pande zote mbili, mikono yote miwili imeshuka pembeni na viganja vimefumbata, kama mama anayeongoza watoto wawili. Nella alihesabu mtoto mmoja. Hakumuuliza mkono wa pili umeshika nini.

Siku hizi Annonciata anaishi Lilongwe, huko Nsungwi, anashona sare, anasali, analipa kodi yake vizuri, na majirani wanamsifu kwa adabu. Uwanja wake hauna mmea hata mmoja. Wanajua ana binti mmoja. Ila Pasaka ya kwanza huko alishona magauni mawili ya kipimo kimoja, kitambaa kimoja, vifungo vilevile. Kila Jumamosi huyafua yote mawili na kuyaanika pamoja kwenye kamba. Moja hutoa uchafu wa kawaida wa mtoto. La pili hutoa udongo mwekundu, na ni pindo lake peke yake ambalo fundi yule hulishusha kidogo kila mwaka.